Prosesa ya kompyuta: AMD Ryzen 5 5600 au 7600, na bodi gani?

Yakhe, zote zina koa 6 (vile viini vya prosesa vinavyofanya kazi), mambo yako kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa. 5600 inakaa soketi (tundu la prosesa) ya AM4, bodi kama B550, na ramu aina ya DDR4 ambayo hata ya mtumba unaweza kuulizia sokoni Darajani. 7600 inataka AM5, tuseme B650, na ramu DDR5 tu, DDR4 haiingii kabisa, kwa hivyo ukipiga hesabu piga vyote pamoja sio prosesa peke yake. Ila 7600 ina grafiki yake ndani, kadi yako ya grafiki ikichelewa Dar bado unawasha mashine, 5600 bila kadi hupati picha. Tena AM5 AMD wameahidi kuiendeleza mpaka 2027 na kupita. Mie pesa ikiwepo 7600. Kama DDR4 unazo tayari, chukua 5600, chenji tia kwenye kadi.