Apu ya akili mnemba ya kutafutia wanamuziki michongo, uzoefu wangu nikiwa Bagamoyo

Wadau habari zenu, naona wengi wanauliza kama hizi apu za akili mnemba zinazomuunganisha msanii na michongo zinafanya kazi kweli au ni ulaji tu. Mimi napiga ilimba (ile ala ya Wagogo ya vyuma juu ya sanduku, unapiga kwa vidole gumba) na zeze kwenye kikundi chetu hapa Bagamoyo, nimetumia moja tangu mwaka jana, nikaanza na ya bure afu nikalipia. Jina silitaji.

Unaweka nyimbo na video, unaeleza mnapiga nini, mko wangapi, kusafiri mnaweza au la, yenyewe inasikiliza na kusoma afu inakuletea matamasha, mafunzo, watu wa filamu wanaotafuta muziki, kila mchongo una asilimia ya mnavyoendana. Kwenye kutafuta naisifu kabisa. Sisi huku ukitoa tamasha letu la pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, lililoanza 1982, na Sauti za Busara kule Unguja kila Februari, mengine tulikuwa tunayasikia yameshapita au mpaka mtu wa Dar akukumbuke. Sasa hivi tarehe ya mwisho inaingia kwenye simu mapema, na barua ya Kiingereza inakuandikia, we unarekebisha tu. Ila rekebisha kweli jamani, mimi iliniandikia eti nimezunguka Ulaya nzima na hata Nairobi sijafika.

Shida ni masikio yake. Ilimba yetu ina utando wa buibui tunaobandika kwenye tundu la sanduku, ndo unaotoa ule mvumo, bila huo mzee wa Kigogo atakuuliza ilimba imekufa lini. Apu ikasema rekodi ina kelele isafishwe, asilimia zikashuka. Nikaisafisha kwa kitufe chao hichohicho, mvumo wote ukaondoka, ikabaki kama mlio wa simu ya kitochi, na hiyo ndo ikapewa alama za juu!! Kundi letu ikatuweka Afrobeats, muziki wa kisasa wa kina Nigeria. Yaani mji huuhuu alioishi Hukwe Zawose, aliyezunguka dunia na hizihizi ilimba na zeze mpaka akarekodi na lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza, kwa hiyo usiniambie soko halipo. Nilichogundua inaamini ulichoandika kuliko inachosikia, nilipojaza Wagogo, ilimba, zeze, sauti za kupokezana, muziki wa asili, michongo ikabadilika wiki ileile.

Ya kulipia sasa. Unapewa pointi, kila ombi linakula pointi, na ukichimba unakuta matamasha mengi fomu yake ipo bure kwenye tovuti ya tamasha lenyewe. Malipo ni kwa dola na inajikata kila mwezi usipoizima. Kuna mchongo mwingine ulitaka tutume hela ya usajili kwanza ndo tupewe jukwaa, nikaripoti, mpaka leo kimya.

Kilicholipa ni mtu wa filamu za makala aliyetaka kipande kifupi cha ilimba. Swali lake la kwanza halikuwa bei, lilikuwa rekodi ya nani na mtunzi nani, karatasi zipo? Wimbo tulishausajili COSOTA, wale wa hakimiliki, na studio tulishaandikiana nao, ikaisha haraka. Hela si ya kujengea ila tumebadilisha ngozi za ngoma zote na deni la sare limeisha. Kuna tamasha la Ulaya nalo lilitukubali, asilimia tisini na kitu, nauli juu yetu, kikundi kizima, bado viza, bado kibali cha baraza la sanaa, BASATA, tukaachana nalo. Hiyo asilimia haijui bei ya tiketi.

Nimerudi kwenye ya bure, inanitosha. Nyota 3 kati ya 5 na zote 3 ni za kutafuta. Watu wa Bongo Fleva na singeli nahisi nyie itawasikia vizuri zaidi, aliyejaribu atuambie yeye imemuweka kundi gani.