Samba 4 kama domeni kontrola ya ofisi ndogo: mimi naipa 4 kati ya 5

Kuna ofisi ya mawakili hapa Dar nawahudumia, mashine 14 na printa 2, zamani kila mtu na paswedi yake kwenye mashine yake, akihama meza tu kazi inaanza upya. Dawa yake ni domeni kontrola, yaani seva moja inayotunza majina na paswedi za wote.

Mwanzo niliwafungia Samba (programu ya bure ya seva inayoongea na mashine za Windows) ile ya staili ya zamani ya NT4, Windows ya miaka ya 1990, na kwa kweli ni nyepesi, mistari michache kwenye smb.conf, faili lake la mipangilio, umemaliza, haikudai DNS (inayogeuza majina ya mashine kuwa anwani) wala Kerberos (inayohakiki anayeingia). Shida zikaja mashine mpya zikagoma kabisa kuiona domeni, maana ile inategemea SMB1, njia ya zamani ya kushirikisha faili kwenye mtandao, na kuanzia Windows 10 toleo 1709 la 2017 Microsoft walianza kuiondoa SMB1, mashine nyingi mpya haimo mpaka uiwashe mwenyewe, na humo humo kwenye SMB1 ndo WannaCry, kirusi kinachofunga faili na kudai hela, ilipenyea Mei 2017. Niiwashe kwenye ofisi yenye faili za kesi za watu? Roho ilikataa.

Nikahamia Samba 4 kama Active Directory, domeni ya kisasa ya Microsoft, kitu inachoweza tangu toleo 4.0 la Desemba 2012. Unapiga samba-tool domain provision, unajibu maswali machache, halafu mayuza unawasimamia kwa RSAT (zana za Microsoft za kusimamia seva kwa mbali) kutoka Windows kama vile seva ni ya Microsoft, na leseni hulipi hata shilingi.

Nyota moja nimeikata kwa sababu inataka umakini jamani. Umeme ulikatika usiku, betri ya bodi ya seva ilikuwa imekufa, saa ikarudi nyuma, na Kerberos inavumilia tofauti ya dakika 5 tu, asubuhi haingii mtu na wakili ana kesi saa tatu, siku hiyo niliumia sana. Nunua UPS, badilisha na hiyo betri. DNS za mashine zote zielekee kwenye seva, sio kwenye ruta, fundi wa intaneti akija kugusa DHCP (inayogawia mashine anwani na DNS) simama naye hapo hapo. Na laptopu za Windows Home hazijiungi na domeni, muulize muuzaji kabla hujalipa.

OpenLDAP, programu ya bure ya kutunza orodha ya mayuza, peke yake hapana, mashine za Windows hazitajiunga nayo kama domeni. Kama bosi anataka Microsoft yenyewe basi Windows Server Essentials, mwisho yuza 25 na vifaa 50. Mashine 3 au 4 wala usijisumbue na domeni.

Bekapu mimi napiga samba-tool domain backup online kila Ijumaa, inaenda kwenye diski ya nje na diski hailali ofisini.