Maisha ya The Zawose Queens, na maneno ya watu hapa Bagamoyo

Hii albamu nzuri jamani, tena nzuri sana, na nasema hivi nikijua kabisa hapa mjini watu wamegawanyika, kuna wanaoisifia na kuna wanaonuna. The Zawose Queens ni wawili, Pendo Zawose na Leah Zawose, Pendo ni binti wa marehemu mzee Hukwe Zawose, yule mwanamziki mkubwa wa Kigogo, na Leah ni mjukuu wake, na Maisha ndo albamu yao ya kwanza kwa jina lao wenyewe, imetoka mwezi wa sita 2024 chini ya Real World, ileile lebo ya mwanamziki wa Uingereza Peter Gabriel iliyotoa albamu ya mzee Hukwe, Chibite, mwaka 1996. Ila ukisikia "ya kwanza" usidhani ni wachanga. Hawa wameimba miaka na miaka nyuma ya wanaume wa familia, wanaitikia, wanacheza, wanapiga ngoma, na mwenye ilimba, ile marimba ndogo ya kupigwa kwa vidole gumba, na mwenye zeze, chombo cha nyuzi, ni mwanaume kakaa mbele, ndo mila ya Wagogo ilivyokuwa, mwanamke ana ngoma yake na mwanaume ana ilimba yake. Sasa wametoka nyuma wamekuja mbele na vyombo wamevishika wenyewe. Kwangu mimi hapo ndo penye utamu wote wa hii kazi, mengine yote ni nyongeza.

Kwa ambaye hajui hii familia imefikaje huku pwani, mzee Hukwe alikuwa mtu wa Doyoma kule Dodoma, Mwalimu Nyerere alipousikia mziki wake akamwita Dar kupiga kwenye kundi la taifa, baadae akahamia hapa Bagamoyo akawa anafundisha Chuo cha Sanaa, ambacho sasa tunakiita TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na hapahapa ndo alipofia Desemba 2003. Mi Mkwere, kwetu ngoma ni mdundiko na vigoma vya unyago, ila ukikulia Bagamoyo ilimba unaijua hata kama Kigogo hujui neno moja. Unaisikia ukikatiza njia ya chuo, unaisikia kwenye tamasha, unaisikia watoto wanafundishwa jioni. Kwahiyo albamu ilipotoka nilijua tu maneno yatakuwepo, maana kila mtu hapa anaona kama na yeye ana hisa kwenye lile jina.

Na kweli. Kuna mzee mmoja wa Magomeni ya hapahapa Bagamoyo, Mgogo wa kutoka Mpwapwa, tunakunywa nae kahawa barazani, nikampa shikamoo yake nikamwekea simu karibu na sikio. Akasikiliza kimya wimbo mzima. Alafu akasema, "Mwanangu, hao wanaimba. Wanaimba kabisa. Ila hicho kinachonguruma chini ni kitu gani?" Nikamwambia babu hiyo ni besi ya mashine, wazungu wameiongeza. Akatikisa kichwa. "Mwambie anayenguruma anyamaze kidogo tumsikie mtoto." Sikumbishia, mkubwa ni mkubwa, na isitoshe kwenye wimbo ule alikuwa na haki yake.

Vijana wa bodaboda pale stendi wao wakasema kinyume kabisa. Hao siku nzima ni singeli, spidi ile ya kichwa kuuma, nikajua watacheka. Hawakucheka. Ule wimbo wenye ngoma na mashine pamoja wakaurudia, mmoja akasema hii ukiongeza spidi kidogo ni singeli tupu, mwingine akabisha akasema usiiongeze spidi utaiharibu, wakaanza kugombana wao kwa wao mi nikakaa pembeni. Ila nyimbo tulivu, zile zenye sauti tu na chombo kimoja kimoja, hizo walitaka niziruke, wanasema hizo za kulalia.

Dada wa saluni ninakosukia yeye akawa upande wa nyimbo hizohizo tulivu. Kigogo hajui, ni mtu wa Tanga, lakini akaacha kusuka akasema huyu mama anaimba kama anamwita mtu yupo ng'ambo ya korongo na ana uhakika ataitikiwa. Nimelishika hilo neno mpaka leo, kwasababu ndo hasa wanachofanya, mmoja anatupa sauti juu kabisa inakatika inarudi chini inapanda tena, na mwenzie anaipokea kabla haijaanguka. Wagogo wanaimba hivyo, sauti kadhaa zinakwenda kila moja na njia yake na bado zinakaa pamoja, na hapa watu wawili tu wanakufanya uone kama kijiji kizima kimesimama. Vijana wawili wa chuo niliowaona wamezama wanasikiliza hawakuwa na habari na besi wala nini, walikuwa wanabishana nani kashika sauti ya juu nani ya chini, wanarudisha nyuma, wanarudisha tena.

Sasa hili la mashine. Maprodyuza ni Oli Barton-Wood na Tom Excell, Waingereza, na wengi hapa hasira zao zimeenda kwao, kwamba wameharibu mziki wa mzee. Mi hapo sikubaliani na naomba nisikilizwe. Mzee Hukwe mwenyewe miaka michache kabla hajafariki alifanya albamu nzima na Michael Brook, yule mpiga gitaa wa Kanada, inaitwa Assembly, na mle mna mitambo ya kutosha. Mwanae Msafiri mwaka 2017 katoa Uhamiaji, nayo ina mashine kibao, na hapa mjini tuliisikiliza. Kwahiyo hii familia haikuanza jana kuchanganya, na ajabu ni kwamba wakichanganya wanaume tunasema wabunifu, wakichanganya wanawake tunasema wameharibiwa. Hapana. Tuwe wakweli.

Ninachokubali ni kwamba siyo kila mahali mchanganyiko umekaa. Kuna sehemu besi imejaa mno, hasa ukisikiliza kwenye sabufa, ilimba inafunikwa unabaki unaitafuta kwa masikio. Nyimbo ambazo wamewaacha wenyewe na sauti zao, ngoma, zeze na ilimba, hizo hazina mpinzani, na laiti zingekuwa nyingi zaidi hii albamu ningeiweka meza moja na Chibite bila kusita. Kwa sasa naiweka chini yake kidogo tu.

Na kuhusu ilimba kuna jambo lazima niliseme maana limenikera kwenye mazungumzo. Watu zaidi ya mmoja wameniambia spika yako imepasuka, inakwaruza. Haijapasuka! Ile sauti ya kuvuma, kama kuna kitu kinatetemeka ndani, ni ya makusudi. Kwenye ubao wa ilimba fundi anatoboa matundu anayaziba kwa utando wa buibui, ule ukitikisika ndo unatoa ule mvumo juu ya kila noti. Fundi akimaliza ilimba bila ule mvumo atakwambia bado haijawa ilimba. Sasa kwenye spika ndogo ya simu ule mvumo unachanganyika na makelele ya spika yenyewe ndo mtu anaona kama ubovu. Vaa hedifoni, hata zile za bei ya chini za mtaani, utausikia ulivyokaa mahali pake, na hapo ndo utawashukuru hao hao maprodyuza kwamba hawakuusafisha, maana ingekuwa rahisi sana kuusafisha ili watu wa nje wasishtuke.

Kitu kingine kilichonigusa ni wimbo wanaouita Muheme. Muheme ndo ngoma ya wanawake wa Kigogo, ile wanaibana katikati ya mapaja wanaipiga wamesimama huku wanacheza, mikono inakwenda kwenye ngoma na shingo na mabega yana kazi yao nyingine kabisa. Kwenye jukwaa la TaSUBa tumeiona mara nyingi na siku zote ndo inayoinua watu kwenye viti, lakini kwenye rekodi za zamani mwanaume ndo jina, wao ni wapigaji. Hapa jina ni lao. Mama yangu mkubwa, ambaye mambo ya albamu hayamhusu kabisa, aliponiuliza ni kina nani hao nikamwambia ni wale wa kwa mzee Zawose, wale kina mama, akasema "Ehee, hatimaye." Basi, hakuongeza neno.

Kero yangu kubwa wala haiko kwenye mziki. Wamepanda jukwaa la WOMAD, tamasha la mziki wa mataifa huko Uingereza, magazeti ya kule yameandika, santuri na CD zinauzwa kule, na hapa Bagamoyo ukienda kibanda cha kujaziwa nyimbo kwenye flashi ukitaja The Zawose Queens kijana anakuuliza ni gospo? Hapa mjini kwao! Ukitaka uisikie lazima uwe na bando, na siyo kila mtu ana bando la kusikiliza albamu nzima, yule mzee wa Magomeni hana hata simu ya kupangusa. Redioni mimi binafsi sijabahatika kuisikia hata wimbo mmoja na redio kwetu iko wazi toka asubuhi. Na tusiojua Kigogo tunapitwa na mengi, tunashika sauti tunakosa maneno, ningependa siku moja mtu atufafanulie wimbo kwa wimbo kwa Kiswahili, hata kwa mdomo tu pale chuoni, mbona wageni wakija wanafafanuliwa.

Kwahiyo ombi langu, na najua humu kuna watu wa chuo wanasoma, tupeni onyesho lao hapahapa, siyo dakika chache za kwenye tamasha ambapo makundi yamepangana foleni, onyesho lao wenyewe, usiku mzima, kiingilio cha watu wa Magomeni na Dunda, na mashine ziachwe nyumbani. Yule babu nitamleta mimi mwenyewe kwa boda.

Kwa anayetaka kuanza leo, itafute kwa jina la The Zawose Queens, albamu Maisha, sikiliza usiku watu wamelala, na hedifoni, anza na zile tulivu kwanza sauti zikuzoee, zile za mashine zifuate. Ukianza na za mashine utaishia kucheza tu na Pendo na Leah hutawasikia vizuri.