Filamu za michezo ya mauti nilivyozitazama katika banda la video Kirumba

Kwa muda mrefu nimekuwa mteja wa banda la video lililo upande wa Kirumba, jijini Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, na filamu ambazo hulipia kiingilio bila kusita ni zile zinazowafungia watu mahali pamoja, zikawapa kanuni za mchezo na kuwaambia kwamba atakayeshindwa atauawa. Nimeona nzuri na nimeona mbovu, na kipimo changu ni kimoja: kanuni zitajwe mapema, kisha mtunzi azishike mpaka mwisho. Mtazamaji asiyezijua kanuni hana cha kuogopa; anabaki kutazama damu. Ninaandika tathmini hii kwa sababu huduma ya banda, ambayo ninaipenda, huziharibu filamu hizi mahali pale pale penye uhai wake.

Mfano ulioniuma zaidi ni Cube, filamu ya Kanada ya mwaka 1997 iliyoongozwa na Vincenzo Natali. Watu wachache wanazinduka ndani ya vyumba vya mraba vilivyopangana pande zote, juu na chini, bila kujua nani aliyewaweka humo, na baadhi ya vyumba vina mitego inayoua papo hapo. Katika kila mlango zimechongwa namba tatu, kila moja ya tarakimu tatu. Mwanafunzi wa hisabati aliye miongoni mwao anakisia kwamba chumba chenye namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, ndicho chenye mtego, na wanatembea kwa kanuni hiyo hadi inapowasaliti. Baadaye anagundua kwamba mtego unaashiriwa pia na namba inayopatikana kwa kuzidisha namba tasa moja kwa yenyewe, kama vile 343, ambayo ni 7 mara 7 mara 7. Hesabu hiyo inamzidi kichwa, na anayeweza kuifanya upesi ni kijana ambaye wenzake walikuwa wakimwona mzigo. Kwangu mimi hapo ndipo filamu ilipo: uhai wa watu wazima wenye nguvu umeshikwa na mtu waliyetaka kumwacha nyuma.

Katika nakala iliyotafsiriwa ambayo tulionyeshwa bandani, hakuna hata namba moja iliyotajwa. Yule mwanafunzi wa hisabati, ambaye ni binti, alipokuwa akikokotoa, mtafsiri alikuwa akitania mavazi yao, na kijana yule alipoanza kutoa majibu, tuliambiwa tu kwamba ana majini. Watazamaji waliona watu wakiruka kutoka chumba hadi chumba kwa kubahatisha, na wengi walitoka nje kabla haijaisha. Sisemi haya kwa kuwadharau watafsiri, kwani bila sauti zao mama anayerudi kutoka kuuza dagaa na kijana wa bodaboda wasingeweza kuzifuata hadithi hizi kabisa, na wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa. Ninachoomba ni kwamba katika filamu za aina hii utani usubiri mpaka kanuni ya mchezo imalize kuelezwa.

Tamthilia ya Korea Kusini iitwayo Squid Game, iliyotolewa mwaka 2021 na kutungwa na Hwang Dong-hyuk, ilinusurika na tafsiri kwa sababu kanuni zake ni za michezo ya watoto. Wachezaji ni 456, wote wameelemewa na madeni, na kila anayekufa anaongeza fedha katika kitita cha mshindi. Bandani watu walikuwa wakitaja kwa sauti mikopo ya kausha damu, ile yenye riba ya kuumiza, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa kwa nini watu waliopiga kura ya kuondoka na kushinda kwa kura moja walirudi wenyewe siku chache baadaye. Katika sehemu ya sita wanaambiwa wachague wenza. Wengi wanachagua mtu wanayempenda au kumwamini wakidhani watasaidiana, ndipo wanapopewa gololi kumi kumi na kuelezwa kwamba kila mmoja lazima amalize gololi za mwenzake ndani ya nusu saa. Gololi tumezicheza sote katika vumbi la mitaa hii. Banda ambalo huwa na kelele kuliko stendi lilinyamaza, na mzee mmoja aliyeketi mbele yangu alivua kofia.

Battle Royale ya Japani, ya mwaka 2000, sijawahi kuiona ikionyeshwa bandani. Niliipata kwa flashi na kuitazama nyumbani ikiwa na maandishi chini. Wanafunzi 42 wa darasa moja wanapelekwa kisiwani, wanavishwa kola zinazolipuka, na wanapewa siku tatu za kuuana hadi abaki mmoja. Silaha zinagawiwa kwa bahati: huyu bunduki, yule mfuniko wa sufuria. Sisi tuliokua tukiamini kwamba steringi, yaani mhusika mkuu, hafi, hapa tunakosa pa kushika, maana kila mtoto anapewa dakika zake, na kila anayeanguka ana rafiki anayemtafuta. Mwongozaji wake, Kinji Fukasaku, alikuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1945, akifanya kazi katika kiwanda cha silaha pamoja na wanafunzi wenzake. Walishambuliwa kwa mizinga, na waliosalia wakalazimika kuondoa miili ya wenzao. Baada ya kulijua hilo, niliacha kuiona filamu hii kuwa ya kikatili kwa ajili ya kuburudisha.

Kuhusu Saw, ile ya kwanza ya mwaka 2004, yenye wanaume wawili waliofungwa minyororo katika choo kichafu, ni kazi nzuri na yenye nidhamu. Zilizofuata zimehangaikia zaidi mashine za kuua, nami nimeacha kuzilipia.

Kwa upande wa huduma yenyewe, kiingilio cha shilingi 500 ni halali, sauti inasikika vizuri, na mwenye banda ni mtu wa heshima anayepokea maoni. Kasoro moja siwezi kuifumbia macho: watoto wa shule ya msingi huketi mabenchi ya mbele hata filamu hizi zinapoonyeshwa. Huko Japani kwenyewe, Battle Royale ilizuiwa kwa walio chini ya miaka 15. Nimemwomba mwenye banda aziweke usiku na asimamie mlango, naye amekubali kuanza na zile za Jumamosi. Nimemwachia pia nakala ya Cube isiyo na mtafsiri, na nimejitolea kusimama pembeni ya skrini siku atakapoionyesha, nieleze namba tasa kwa yeyote atakayetaka kuzielewa.