Kliniki tuliyochoma chanjo ya mafua hapa Dodoma: nesi nampa tano, benchi la kusubiria hapana

Naandika hii kwa sababu kabla ya kwenda nilitafuta mtu yeyote wa hapa mjini aliyewahi kuchoma chanjo ya mafua anambie ilikuwaje, sikumpata, kila niliyemuuliza na yeye ananiuliza, kwani mafua yana chanjo? Yanayo, na ipo hapa Dodoma, ila haimo kwenye zile chanjo za bure za watoto kwahiyo unaitafuta mwenyewe na unalipia mwenyewe.

Kwanza mjue nilifikaje huko. Mwaka jana mama yangu, ana miaka 68 na ana pumu na presha, alianza na kitu tulichoona ni mafua ya kawaida tukamkamulia limao tukampa na tangawizi, siku ya tano hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, tukakimbia naye hospitali wakasema nimonia, akalazwa siku sita kwenye oksijeni. Siku sita nimelala kwenye kiti cha plastiki namwangalia mama yangu kifua kinapanda na kushuka. Sasa mwaka huu mwezi wa saba, mnaijua Dodoma mwezi wa saba, baridi la asubuhi na ule upepo wa vumbi, naona kila mtu anakohoa, darasa la mwanangu la chekechea siku moja watoto tisa hawakuja, alafu mama anapiga simu anasema anakuja kunisalimia kutoka Mpwapwa. Moyo ulinidunda.

Mtaani kwetu Nkuhungu hali ilikuwa hivi. Kwenye daladala ukikohoa tu watu wanageuka wote na konda anafungua dirisha. Barakoa zimerudi, kanisani kwetu tukaacha kushikana mikono tukawa tunapungiana. Soko la Majengo limao zimepanda na tangawizi nayo usiseme. Nyungu nazo zimerudi, na hapa naomba mnisikilize vizuri kidogo, mtoto wa jirani yangu alipiga teke sufuria la nyungu akaungua mguu mzima kuanzia goti, mvuke unafungua pua ni kweli lakini mtoto mdogo usimfunike blanketi na sufuria la moto, tafadhalini sana.

Na duka la dawa. Nilipanga foleni nyuma ya watu watatu na wote watatu walisema maneno yale yale, nipe azuma. Na wote walipewa, hakuna aliyeulizwa anaumwa nini. Azuma ni antibayotiki, inaua bakteria, na haya mafua makali ni virusi, haviguswi na azuma hata ukinywa boksi zima, unachofanya ni kuwazoesha bakteria dawa ili siku ukiumwa kweli isikusaidie. Hili linaniuma kwa sababu mama mwaka jana alianza na hizo hizo, akabadilishiwa mbili, na tukapoteza siku tano.

Haya, kliniki sasa. Ni ya binafsi, ndogo, iko maeneo ya Area C, jina sitaji kwa sababu kuna mambo nitayalalamikia chini huko. Niliiona kwenye status ya WhatsApp ya mtu wameandika chanjo ya homa ya mafua inapatikana, nikapiga simu, dada wa mapokezi akasema 45,000 kwa mtu mmoja, bima yangu hailipii. Sio hela ndogo, nauza nguo za watoto najua 45,000 inavyopatikana, ila nikapiga hesabu ya zile siku sita za mwaka jana, kitanda, vipimo, dawa, duka limefungwa, nikaona bora nitoe hii.

Shida ikawa mama mwenyewe. Mama ni mtu wa kuona kwa macho. 2021 chanjo ya korona ilivyokuja watu wa kwao walisema mengi mno na yeye akawa kakaa kimya tu, mpaka ile tarehe 28 Julai alivyomuona Rais Samia kwenye tivii anachomwa hadharani, akasema basi kama yeye kaweka mkono na mimi naweka, akachoma ile Janssen. Sasa safari hii hakuna aliyemuona akichomwa. Jirani kamwambia hiyo ndo ile ile ya korona wamebadilisha jina. Boda aliyetupeleka anasema mama mafua gani ya kuchomwa sindano, si unapiga tu supu ya kuku wa kienyeji. Shemeji yangu anakaanga kitimoto, yeye wasiwasi wake ukawa ni yale mafua ya nguruwe ya 2009, kwamba watu wakianza kuongelea chanjo ya mafua wateja watamkimbia. (Shemeji kama unasoma, ile ilipata jina hilo kwa asili ya kirusi chenyewe, mtu hapati mafua kwa kula nyama iliyoiva.) Mama akaniambia twende nikaangalie, nisiporidhika narudi, nikamwambia sawa mama, nauli ni yangu.

Tumefika saa nne asubuhi Jumamosi, mimi, mama, mwanangu wa miaka mitano na mdogo wangu wa kike. Na hapa ndo lawama yangu ya kwanza na kubwa. Benchi ni moja. Wanaokuja kuchanjwa wasiumwe na wanaoumwa wanakaa pamoja bega kwa bega, chumba kidogo na dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi, kuna baba anakohoa mfululizo hana hata kitambaa, na mimi nimemleta mtu mwenye pumu umri wa miaka 68. Yani nimetoa mama nyumbani kumkinga na mafua nikamkalisha kwenye mafua dakika hamsini. Nilivyomuomba dada wa mapokezi tukae nje akasema mtapitwa na namba. Tukatoka hivyo hivyo tukakaa chini ya mwarobaini, mdogo wangu akawa anachungulia mlangoni. Hii haihitaji hela, ni kuweka viti vinne nje na kuita majina kwa sauti, au kutenga saa za chanjo asubuhi kabla wagonjwa hawajajaa. Niliwaambia siku ile na nawaambia tena hapa.

Alafu tukaingia kwa nesi.

Huyu nesi, mungu ambariki. Ni binti mdogo tu, cha kwanza akainama kidogo akamwambia mama mbukwa bibi, na mama ambaye alikuwa kakunja uso tangu kwenye boda uso ukafunguka, wakasalimiana kigogo pale mpaka akajua mama ni wa upande gani wa Mpwapwa. Hakuwa na haraka. Akauliza ana homa leo, amewahi kupata shida kubwa baada ya chanjo yoyote, anatumia dawa gani, akaandika zote. Mdogo wangu akapimwa joto akakutwa na homa, akaambiwa dada wewe leo sikuchomi, kapone kwanza ndo urudi, na hela yake ikarudishwa pale pale bila maneno. Hilo nililipenda sana maana angeweza kumchoma tu wakala hela.

Mama akasema na mimi nina swali, hiyo dawa yenyewe mnaiweka wapi, umeme si unakatika hapa. Nikajua hapa tunafukuzwa. Yule binti akasema njoo uone bibi. Akatupeleka kona ya chumba kuna friji dogo, akafungua, ndani hakuna soda wala chakula cha mtu, ni boksi za chanjo zimepangwa zimeachiana nafasi, kuna kipimajoto kimeonyesha nyuzi 4. Akasema inatakiwa iwe kati ya 2 na 8, ikizidi inaharibika na ikiganda nayo inaharibika, haiyeyushwi ikatumika, inatupwa. Mlangoni kuna karatasi imebandikwa kwa selotepu, imechorwa mistari kwa rula, kila siku asubuhi na jioni kuna namba na sahihi, 4, 5, 4, 4, 6, mpaka siku ya jumapili ipo. Na betri ya sola pembeni kwa ajili ya umeme ukikatika. Mama akaifuata ile karatasi kwa kidole mstari kwa mstari kama anasoma Zaburi, akafika ya leo asubuhi, akasema haya.

Kisha akatoa boksi akampa mama alishike mwenyewe aangalie tarehe ya kuisha. Mimi nikasoma pembeni nikaona Victoria, Croatia, Austria, nikauliza hii imetengenezwa nchi tatu? Akasema hapana, hayo ni majina ya sehemu vilikopatikana virusi vilivyotumika kama mfano, vipo vya aina tatu humo ndani. Kumbe virusi vya mafua vinabadilika badilika, ndo maana chanjo ya mwaka huu sio ya mwaka jana, Shirika la Afya Duniani linakaa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili na mwezi wa tisa, kuchagua vya kuweka, na ndo maana inachomwa kila mwaka. Mama akauliza, ni ya korona? Akajibiwa hapana bibi, korona ni kirusi kingine kabisa, hii haina hata kidogo.

Na hakuwadanganya watu, hiki ndo kilinifanya nimwamini. Alisema wazi haikingi asilimia mia, na haizuii kila mafua maana yapo mafua ya virusi vingine vingi, kazi yake kubwa ni kwamba hata ukipata hii influenza, yani homa ya mafua yenyewe, isikufikishe pale bibi alipofika mwaka jana. Akasema pia kinga inachukua kama wiki mbili kujijenga kwahiyo mama asianze kesho kukaa na wagonjwa akijiona kakingwa. Sindano yenyewe ni nusu mililita, bega la kushoto, akavunja sili mbele yetu, mama anaangalia, sekunde mbili imeisha, mama kasema tayari? Tukaambiwa tusubiri dakika 15 kabla ya kuondoka, na safari hii alitukalisha ndani kwake, sio kwenye lile benchi.

Usiku mama mkono ukamuuma na kijoto kidogo, panadol mbili, kesho yake mchana anachambua mlenda nyuma ya nyumba. Jirani akapata la kusema, umeona imemletea mafua. Haiwezi, virusi vilivyomo vimeshauawa, kile kijoto ni mwili unajifunza, nesi alishatuambia kitakuja na kitaondoka kwa siku moja au mbili na kikaondoka kweli.

Lawama ya pili ni ya mtoto. Mtoto wa kuanzia miezi 6 mpaka miaka 8 kama ndo mara ya kwanza anachomwa, anatakiwa dozi mbili zipishane wiki nne. Hili mapokezi hawakulisema kwenye simu, wala tulivyolipa, nimelijua kwa nesi sindano ya kwanza ikiwa imeshaandaliwa. Maana yake mtoto sio 45,000 ni 90,000. Ningejua ningejipanga, na kuna mzazi atachoma moja akaona inatosha akaishia hapo. Liandikwe kwenye ile status, ni mstari mmoja tu.

Na tarehe ilivyofika tukaenda, mzigo umeisha. Nimefunga duka, nimemtoa mtoto shule, naambiwa hapo kaunta dada imeisha, kwani hukupiga simu? Namba yangu mnayo, tarehe mliandika nyie kwenye kadi, mimi ndo nipige? Nilikasirika nisidanganye. Yule nesi akasikia akatoka, akaomba radhi, akanambia kuchelewa siku chache hakuharibu kitu wala hatuanzi upya, kinachokatazwa ni kuwahi kabla ya wiki nne, akaandika namba yangu kwenye daftari lake mwenyewe. Siku ya tano kapiga. Tukaenda saa mbili na nusu, benchi tupu, mtoto kachomwa, kalia kidogo kapewa ubuyu, saa tatu kasoro niko dukani. Mdogo wangu naye alishapona, akachomwa siku hiyo hiyo.

Kwahiyo nesi tano kwa tano, friji tano kwa tano, mapokezi mbili, benchi siwezi kutoa hata moja. Ukienda nenda kabla ya saa tatu, piga simu uulize kama mzigo upo, na kama una mtoto uliza habari ya dozi ya pili ujue bei kamili. Kama una mzazi mwenye pumu, kisukari au moyo, au una mimba, au una mtoto chini ya miaka mitano, nyie ndo mafua haya yanawaonea zaidi, anzeni na nyie.

Mama amesharudi Mpwapwa, kadi yake kaiweka ndani ya Biblia. Juzi kapiga simu anauliza, akija na wifi yake itakuwa bei ile ile? Na je yule binti bado yupo, na lile karatasi la kwenye friji bado wanaandika? Nimepita jana kuangalia. Yupo, wanaandika, na bei ni ile ile.