Gereji ya Shimanzi: breki nyota tano, tairi la spea sifuri

Nna Corolla 110 ya 1998, nyeupe, imekula chumvi ya Likoni, Mombasa, miaka kumi na mmoja. Kazi yake ni kubeba pilau. Ijumaa na Jumamosi buti huwa na sufuria tatu, na wateja wengi wako ng'ambo, Kizingo na Nyali, kwa hiyo feri hainiepuki. Barabara ya Dongo Kundu ipo, naijua, lakini kwa bei ya mafuta ya leo kuzunguka kote huko kwenda Kizingo ni kumpikia mtu bure.

Shida ilianzia kwenye mteremko wa feri. Unateremka taratibu, mbele watu wamejaa na mikokoteni, unakanyaga breki, gari inakaribia kabisa kusimama, mara kanyagio linatetemeka chini ya mguu, trrr, na gari inasogea kana kwamba hujakanyaga kitu. Ni hatua moja tu, lakini kwenye hatua hiyo pana mgongo wa mtu. Barabara kuu haikuwa na neno. Mara ya tatu mwenye mkokoteni alinitusi tusi ambalo siliandiki hapa.

Nikaenda gereji moja, siitaji. Nikaambiwa ABS, ule mfumo unaozuia matairi yasifunge, yaani yasiache kuzunguka ghafla ukikanyaga breki, kwenye gari kuukuu ni mzigo, itolewe. Nami nilikuwa nishaichukia, nikasema itoeni. Kazi ya siku moja, elfu nne, na kutetemeka kukaisha kweli. Nikawaombea dua.

Dua ilidumu mpaka masika. Narudi mjini na sufuria tupu, nafika Makupa, mvua inanyesha, matatu ikasimama ghafla mbele yangu. Nikakanyaga. Mkia wa gari ukanipita ubavuni, na iliposimama nilikuwa natazama nilikotoka. Vifuniko vya sufuria vililia mpaka nikadhani nimegonga. Wallahi sikugonga kitu, na sijui kwa nini.

Dereva wa tuktuk wa mtaani kwetu ndiye aliyenielekeza kwa mzee wa Shimanzi. Gereji haina bango. Ukiyapita matangi ya mafuta utaona kontena la buluu chini ya mkungu, hapo ndipo. Mzee ana miwani iliyofungwa kwa uzi na haongei mpaka aangalie. Aliangalia kama nusu saa, akaniita: "Mwanangu, njoo uone ulichonunua."

Nikaonyeshwa. Masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga, ina vyumba viwili makusudi. Kwenye gari kama yangu, inayovutwa na magurudumu ya mbele, kawaida chumba kimoja hupeleka mafuta gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia, na chumba cha pili hupeleka mawili yaliyobaki. Paipu moja ikipasuka, nusu ya breki inabaki. Wale jamaa walipong'oa pampu ya ABS walizikutanisha paipu zote mahali pamoja. Ingepasuka moja, zote zingekwenda. Tena hawakuweka vali ya kupunguza nguvu ya nyuma. Ukikanyaga kwa nguvu, uzito wote wa gari hukimbilia mbele na nyuma hubaki nyepesi. Breki za nyuma zikipata nguvu sawa na za mbele, matairi ya nyuma hufunga kwanza, na gari ambayo nyuma imefunga hugeuka kama pia. Hiyo ndiyo Makupa yangu. Na taa ya ABS niliyoiona haiwaki, nikadhani mambo mazuri? Walichomoa balbu.

Kisha akaniwekea mkononi pete ya chuma yenye meno, imeota kutu na imepasuka, haizidi bangili ya mtoto. Pete hiyo hukaa kwenye ekseli, na sensa huhesabu meno yake ili ABS ijue gurudumu linazunguka kasi gani. Ikipasuka, sensa hukosa hesabu, na gari ikienda polepole ABS hudhani gurudumu limefunga, ikaachia breki. Ule mtetemeko wa feri wote ulikuwa pete hii. Dawa ilikuwa kuibadilisha, basi. Nilikaa juu ya debe nikanyamaza.

Kuirudisha ABS tulishindwa. Pampu yangu ilishauzwa chuma chakavu, na mbili tulizopata za mitumba mzee alizikataa, moja ina kutu ndani. Akakubali kuitoa kwa utaratibu, lakini alinieleza mara mbili nitakachokosa, akaniambia niijulishe bima kabla hajashika spana. Nikampigia mtu wa bima hapo hapo.

Kazi yenyewe: paipu mpya, kila chumba na njia zake. Vali kutoka Corolla ya aina ileile iliyotoka kiwandani bila ABS. Mbele diski kubwa zaidi na kalipa zake, zile zinazobana padi kwenye diski, za mitumba kutoka Japani, padi mpya. Nyuma dramu zilezile, viatu vya breki vipya. Nilitaka diski na nyuma, nilishaona picha, akasema mzigo wa pilau hauhitaji mapambo. Mafuta yote ya breki yakamwagwa, yakawekwa mapya ya aina ya DOT 4. Ya zamani yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya kwetu mnaijua. Yakishanywa maji huchemka mapema, na hapo kanyagio huzama. Jumla elfu thelathini na moja, mia tano.

Kilichonikosha ni majaribio. Alikwenda kwenye uwanja mtupu na gari tupu, kijana wake amesimama pembeni anatazama matairi, akakanyaga mpaka yakafunga. Ya mbele yalifunga kwanza, kama anavyotaka. Kisha akajaza sufuria zangu tatu maji, akarudia. Nimeenda gereji nyingi, hakuna aliyewahi kuniomba sufuria. Akanifundisha na mimi: tairi za mbele zikifunga, usukani hausikii, achia kidogo, ugeuze, ukanyage tena. Kazi hiyo ilikuwa ya ABS, sasa ni ya mguu wangu. Mvua ikinyesha naikumbuka, siwadanganyi.

Breki zinashika vizuri mno. Kanyagio linashuka zaidi kuliko zamani kwa sababu kalipa kubwa hunywa mafuta mengi, lakini halizami. Feri nateremka nikiwa na amani.

Lawama: aliniambia Alhamisi, nikaipata Jumatatu, na harusi ya Jumamosi nikaibeba kwa tuktuk mbili. Risiti ni karatasi ya daftari.

Na hili la mwisho. Wiki ya pili, njia ya Ukunda, tairi la mbele likatoboka, pilau nyuma, saa sita mchana. Natoa spea, haiingii. Rimu zangu ni inchi 14, spea ni 13, na kalipa mpya ni kubwa kuliko tundu lake. Hakuna aliyeniambia. Kijana wa bodaboda aliyesimama kutazama ndiye aliyepata akili: toa tairi zima la nyuma lije mbele, spea iende nyuma kwenye dramu. Pilau ilifika imechelewa dakika arobaini. Nilipomwendea mzee alishika kichwa, akaingia kontenani, akatoka na rimu ya 14 yenye kutu. Akataka elfu moja na mia tano. Nikampa elfu moja.