Alstromeria kwa bustani ya Mwanza: ipi ununue, ipi uiache, na uipange na maua gani

Muuza miche atakuuliza unataka rangi gani. Kwa alstromeria, ua ambalo wengine huliita yungiyungi la Peru, rangi isubiri. Kwanza jiulize mizizi itakaa wapi nyumbani kwako, na saa nane mchana mahali hapo pana joto kiasi gani. Mtu wa nyanda za baridi, kama Njombe au Lushoto, anaweza kununua kwa macho tu. Sisi wa kandokando ya ziwa tukinunua kwa macho tunaambulia majani.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mwaka wa kwanza nilinunua miche mitatu mirefu ya rangi ya waridi. "Mama, hii weka juani tu, itachanua yenyewe," muuzaji akaniambia. Nikaipanda mbele ya jiwe kubwa lililoko nyuma ya nyumba, kwa sababu niliona maua yatapendeza mbele ya jiwe. Miche ilistawi kweli, kila wiki chipukizi jipya. Vuli ikapita, masika ikapita, hakuna ua hata moja. Usiku mmoja, saa mbili imeshapita, niliegemeza kiganja kwenye lile jiwe nikakuta bado lina joto kama sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu. Chini yake ndiko nilikokuwa nimeizika mizizi.

Alstromeria inaamuliwa na udongo. Chini ina shina linalotambaa kama tangawizi, na shina hilo ndilo linalopima joto. Udongo ukiwa na ubaridi, chini ya nyuzi 20 hivi, machipukizi yanayotoka hubeba maua. Udongo ukikaa juu ya nyuzi 21 au 22 kwa wiki nyingi, shina linaendelea kuchipua, lakini machipukizi ni ya majani matupu. Ndiyo maana wakulima wa Uholanzi hupitisha mabomba ya maji baridi ndani ya matuta ya maua haya, na ndiyo maana Naivasha ya Kenya, iliyo mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, huyalima kwa ajili ya kuuza nje. Mwanza tuko kwenye mita 1,140 hivi. Udongo wetu unaopigwa na jua siku nzima hauwezi kubaki chini ya kiwango hicho. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kuangalia jambo hilo kuliko uzuri wa ua. Kwa uzuri tu, namba nne ingekuwa ya kwanza.

Namba moja: fupi za kwenye chungu

Hizi ndizo za kununua kama unanunua mara moja tu. Zinafika sentimita 30 hadi 45, hazihitaji kuegemezwa, na zimezalishwa kwa ajili ya vyungu. Majina ya Princess na Inca ndiyo utakayoyaona zaidi kwenye vibandiko, ingawa miche mingi inauzwa bila kibandiko chochote. Usihangaike na jina. Tazama mmea mfupi, mnene, wenye maua tayari.

Faida yake ni kwamba unauhamisha. Januari na Februari jua likichoma, unausogeza upande wa mashariki wa nyumba, upate jua la asubuhi mpaka saa nne au tano kisha kivuli. Na chungu kinaweza kupozwa, jambo ambalo tuta haliwezi.

Namna ya kupoza unaijua tangu utotoni. Maji ya mtungi huwa baridi kwa sababu udongo wa mtungi unavuja kidogo kidogo, unyevu unakauka kwa nje na kuondoka na joto. Chukua chungu kikubwa cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, chenye tundu chini. Weka mchanga ndani, kisha tumbukiza kopo lenye mmea wako, na ujaze mchanga pembeni. Mwagilia mchanga huo asubuhi na jioni. Chungu kinatoa jasho, kopo la ndani linapoa. Kiangazi, hewa ikiwa kavu na upepo wa ziwa unavuma, kinafanya kazi vizuri zaidi, na bahati nzuri huo ndio wakati ambao usiku wetu una ubaridi, Juni mpaka Agosti. Chungu cha plastiki cheusi kikae mbali na ua hili kabisa.

Namba mbili: yenye majani ya shaba

Kuna aina iitwayo Indian Summer, ya urefu wa kati, magotini kwenda mapajani. Maua yake ni ya rangi ya chungwa yenye manjano, lakini mimi naipa nafasi ya pili kwa sababu ya majani. Ni ya zambarau iliyoiva kuelekea shaba, na hayo hayangoji udongo upoe. Mwaka ambao haikuchanua vizuri bado utakuwa na rangi kwenye ukingo wa bustani. Ni ngumu kuipata kwa wauza miche wa kawaida. Mara nyingi utaagiza kupitia mtu anayeleta miche kutoka Arusha. Ukiipata, ipande kwenye chungu kikubwa au kwenye tuta lenye kivuli cha alasiri.

Namba tatu: ya kasuku

Alstroemeria psittacina hutoka Brazili, na joto kwake si geni. Ua lake ni jembamba, jekundu lililokolea na ncha za kijani, mfano wa manyoya ya kasuku. Kati ya zote hii ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuchanua ikiwa ardhini. Kwa nini basi siiweki ya kwanza? Kwa sababu inatambaa. Kipande cha mzizi kikibaki kinakuwa mmea, na katika nchi kadhaa zenye joto imekwisha kutoroka bustanini na kuhesabiwa kuwa gugu.

Hapa kwetu jambo hilo silichukulii kirahisi hata kidogo. Gugu maji nalo lilitoka Amerika Kusini, nalo lina ua zuri la zambarau ambalo watu walilipenda wakalisambaza. Tangu lionekane ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mvuvi ajuaye kusukuma mtumbwi kwenye zulia lile anajua gharama yake. Alstromeria ya kasuku si ya majini, lakini ukiinunua iweke kwenye chungu chenye kitako kizima juu ya sakafu, na usitupe mizizi yake kwenye korongo au mtaro unaoelekea ziwani. Kama kiwanja chako kinashuka hadi ufukweni, iache dukani.

Namba nne: ndefu za kukata

Ndizo unazoziona kwenye mashada ya harusi, zinazopita mita moja. Nzuri kupita kiasi, na kwa Mwanza ni za kununua zikiwa zimekatwa. Shada moja kwenye maji safi linakaa hata wiki mbili, na ukilipigia hesabu ni nafuu kuliko mche utakaokupa majani mwaka mzima.

Mbegu na mizizi mikavu ya kwenye pakiti hazina namba hapa. Mbegu zinataka joto kisha baridi kwa wiki kadhaa ndipo ziote, na mizizi inavunjika safarini. Acha.

Ukiwa mbele ya muuza miche

Nunua mmea uliochanua au wenye vitumba. Kwanza unaona rangi ya kweli, pili una ushahidi kwamba shina la chini halijaingia kwenye mwendo wa majani matupu. Kisha shika jani moja ulitazame kwa karibu. Jani la alstromeria limejipinda pale linapoanzia, likajigeuza, hata upande uliokuwa wa chini ndio unaotazama juu. Lisilojipinda hivyo si la alstromeria, hata mmea uitwe jina gani. Kwenye petali za ndani utaona michirizi mifupi ya kahawia, kama iliyochorwa kwa kalamu.

Jani lenye mistari au mabaka ya njano iliyopauka lina uwezekano wa kuwa na virusi. Hakuna dawa, na vidukari watavihamishia kwenye miche yako mingine. Inamisha kopo, uliza kwa heshima kama unaweza kuchungulia mizizi kwenye matundu. Inapaswa kuwa minene, myeupe, kama vidole vya mtoto. Ya kahawia na inayobonyea imeoza kwa maji. Na usikubali muuzaji akugawie mche mmoja kuwa miwili palepale. Mizizi hiyo ni mepesi kuvunjika na itakaa miezi bila kukua.

Uliza pia mche umetoka wapi. Uliotoka kwenye kitalu cha nyanda za baridi uupe wiki mbili za kivuli kabla ya kuuonyesha jua la Mwanza.

Udongo wetu

Kwenye vilima vya Isamilo au Bugando wengi tuna kile kichanga cha mawe yaliyosagika ambacho Wasukuma hukiita luseni. Kinapitisha maji vizuri, nao mmea huu unakipenda, ila kinakauka upesi. Changanya samadi iliyooza sawasawa, na funika juu kwa mabua ya mpunga unene wa kiganja kusimama wima. Kama una udongo mweusi wa mbugani unaopasuka kiangazi, usipande ardhini hata kidogo. Masika mizizi itaoza.

Kuipanga na maua mengine

Alstromeria chache haziwezi kujaza ukingo wa bustani hapa, na hazipaswi kubeba mzigo huo. Wacha maua yanayovumilia joto yajaze, zenyewe ziwe pambo la mbele. Nyuma kabisa mimi naweka maua ya kana (canna), hasa za majani meusi. Zinasimama hadi kifuani, hazijali jua, na muhimu zaidi zinavitilia kivuli vyungu vya mbele alasiri. Ukipanga ukingo wako ukitazama mashariki, kana ziwe upande wa magharibi.

Alstromeria haina bluu ya kweli. Ina nyeupe, njano, chungwa, waridi, nyekundu na zambarau. Bluu itoe kwa plumbago, ile ya rangi ya anga, ambayo Mwanza inastawi na kukatwa kila mara bila manung'uniko. Waridi na nyeupe mbele ya plumbago ni mpango ambao sijawahi kuuchoka. Ile ya majani ya shaba iweke karibu na kana nyeusi, halafu tia zinia za njano miguuni; zinia ni mbegu za bei ndogo na ndani ya miezi miwili unaona maua.

Jambo moja kuhusu mwanga. Tuko karibu na ikweta, jua la adhuhuri linafifisha rangi laini. Waridi hafifu na krimu ziweke karibu na baraza, mahali unapokaa jioni, maana jua likielekea kuzama ndipo zinawaka. Nyekundu na chungwa ziende mbali, getini, zionekane na anayekuja. Na vyungu vikae vitatu vitatu vya rangi moja, vikigusana, kwa sababu kimoja kimoja kilichotawanywa macho yanakikosa.

Wengine watakushauri uchanganye na hemerokali, yungiyungi linalochanua siku moja na kunyauka. Ni mmea mzuri na mvumilivu. Lakini kama nyumbani kuna paka, uache: unaua figo za paka hata akitafuna kidogo, sawa na mayungiyungi halisi. Alstromeria, kwa kuwa ni ya ukoo mwingine, haina sumu hiyo. Utomvu wake tu ndio unaowasha ngozi za watu wengine, kwa hiyo vaa glavu unapoishughulikia.

Kuvuna

Mwaka wa kwanza kata kwa mkasi, mizizi haijashika. Kuanzia wa pili usikate. Shika bua chini kabisa, karibu na udongo, lizungushe kidogo na livute kwa mara moja. Litatoka na kitako cheupe, chenye unyevu, na utasikia mlio mdogo wa kuachia. Pale lilipotoka shina la chini linaamshwa kutoa chipukizi lingine. Mabua ya majani matupu nayo yavute hivyohivyo, machache kila wiki, usiyamalize yote kwa siku moja. Julai iliyopita, kwenye vyungu vyangu vitatu vya waridi, nilivuta mabua kumi na moja asubuhi moja kabla ya jua kupanda juu ya kilima, na matone ya umande yalikuwa bado yamekaa ndani ya petali.